Deni lililogoma kupanda

Jumapili ile nilikwenda Morogoro kwa dada yangu kula pilau, si kufundisha. Lakini hata mikono sijanawa, mpwa wangu alishanisogezea laptopu.

"Shikamoo mjomba. Hebu njoo uone huu uchawi."

Binti yuko mwaka wa kwanza wa diploma ya kompyuta. Mama yake ndiye mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwao, na kila baada ya kikao hukesha na daftari na kikokotoo akitafuta shilingi elfu mbili ambazo hazijulikani zimepotelea wapi. Kwa hiyo binti ameamua kumwandikia programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Kanuni za kikoba chao ni nyepesi: ukikopa, riba ni asilimia 10 ya mkopo, inaongezwa mara moja tu, ukichelewesha rejesho, faini ni shilingi 2,000. Uchawi wenyewe ulikuwa huu (`def` inaanzisha fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina ambacho unakiita kikufanyie kazi; `//` ni kugawanya na kubaki na namba kamili):

```
def ongeza_riba(deni):
    deni = deni + deni * 10 // 100
    print("Ndani:", deni)

deni = 200000
ongeza_riba(deni)
print("Nje:", deni)
```

Na skrini ikajibu:

```
Ndani: 220000
Nje: 200000
```

"Nimeipa fanksheni deni, imelipandisha hadi laki mbili na ishirini, nimeliona kwa macho yangu. Nikitoka nje nalikuta laki mbili vilevile. Riba imekwenda wapi, mjomba?"

Nilimuuliza kwanza parameta ni nini. Akajibu bila kusita: parameta ni jina linaloandikwa ndani ya mabano pale fanksheni inapotangazwa, agumenti ni thamani inayopelekwa pale fanksheni inapoitwa. Sahihi, neno kwa neno. Swali hilo lilikuwa limetoka kwenye jaribio la darasani na alilipata lote. Kigeu (jina lililopewa thamani) cha ndani je? "Ni kigeu kinachojulikana ndani ya fanksheni tu." Sahihi tena.

Hapo ndipo kisa hiki kilipoanza kunivutia kuliko pilau. Mtu ana maana zote tatu kichwani, hajakosea hata moja, na bado mistari saba inamshinda. Kwa hiyo shida haikuwa kwenye maana za maneno, na kumrudishia maana hizo kwa sauti ya juu zaidi kusingemsaidia chochote.

Kabla sijafika alikuwa ameshajaribu dawa mbili, na dawa hizo zinaonyesha alivyokuwa akifikiri. Ya kwanza: aliona parameta haina faida, akaifuta.

```
deni = 200000

def ongeza_riba():
    deni = deni + deni * 10 // 100

ongeza_riba()
```

Python ikagoma kabisa na kumtolea `UnboundLocalError: cannot access local variable 'deni' where it is not associated with a value`. Wenye matoleo ya kabla ya 3.11 wataikumbuka kwa maneno mengine, `local variable 'deni' referenced before assignment`, ila kosa ni lilelile. Binti alilisoma, akaona neno `local`, akashangaa: deni limeandikwa nje, mstari wa kwanza kabisa, ulocal umetoka wapi?

Umetoka kwenye alama ya `=`. Python haisubiri kufika kwenye mstari ndipo iamue. Inapoandaa fanksheni huupitia mwili wake wote, na jina lolote inalolikuta upande wa kushoto wa `=` inalihesabu kuwa kigeu cha ndani, kuanzia mstari wa kwanza wa fanksheni hadi wa mwisho. Kwa hiyo `deni` la kulia, lile alilotaka lisomwe kutoka nje, nalo limeshakuwa la ndani, na la ndani bado halijapewa kitu. Ni kama kuambiwa uongeze riba kwenye ukurasa wa daftari ambao bado ni mweupe.

Dawa ya pili aliipata kwa mwanafunzi mwenzake: andika `global deni`, yaani iambie fanksheni itumie `deni` la nje. Ikafanya kazi! Deni likapanda, akafurahi, akaendelea kwa mwanachama wa pili. Mwanachama wa kwanza anadaiwa 200,000, wa pili 150,000. Lakini fanksheni sasa haipokei kitu. Inalijua jina moja tu duniani, `deni`. Ikambidi awe anawabeba wanachama mmoja mmoja na kuwakalisha kwenye kiti hichohicho:

```
deni = deni_a
ongeza_riba()
deni_a = deni

ongeza_riba()
deni_b = deni
```

Umeona mstari uliosahaulika? `deni = deni_b` haupo. Kiti bado amekalia mwanachama wa kwanza na 220,000 zake. Riba ikaongezwa juu ya riba, ikawa 242,000, na mzigo wote akaandikiwa mwanachama wa pili aliyestahili kudaiwa 165,000. Tofauti ni shilingi 77,000. Na programu haikulalamika hata kidogo, maana kwa upande wa Python hapakuwa na kosa lolote. Kosa la mwanzo, lile la maandishi mekundu, lilikuwa la heri. Hili la kimyakimya ndilo linalovunja vikoba na kuwanunisha majirani.

Nikamwambia afute `global`, arudi kwenye programu ya kwanza kabisa, halafu abadilishe kitu kimoja tu: jina la parameta.

```
def ongeza_riba(kiasi):
    kiasi = kiasi + kiasi * 10 // 100
    print("Ndani:", kiasi)

deni = 200000
ongeza_riba(deni)
print("Nje:", deni)
```

Kabla ya kuiendesha nikamuuliza itatoa nini. Akaitazama, akaanza kusema "Ndani laki mbili na ishirini, nje laki mbili…" akanyamaza. Halafu: "Lakini hapa ni wazi, mjomba. Nimebadilisha `kiasi`, deni sijaligusa."

Ni programu ileile. Kwa Python hakuna tofauti hata chembe. Tofauti ilikuwa kwenye macho ya msomaji: mwanzoni aliona `deni` mara mbili akadhani ni deni moja. Shuleni kwao, nikamkumbusha, kulikuwa na wajina wake darasa la jirani. Mwalimu wa kule alipomchapa huyo wajina, yeye alilia? Akacheka. Basi `deni` la nje na `deni` la ndani ni wajina. Wanaitikia jina moja, kila mmoja na kwao. Ukiwa ndani ya fanksheni ukaita "deni", anaitika aliyemo ndani. Wa nje hata hasikii.

Nitasema jambo ambalo walimu wenzangu hawatalipenda. Mifano ya kwanza ya fanksheni inayoandika jina lilelile nje na ndani ingeachwa kabisa kwa wiki mbili za mwanzo. Wanaoizoea programu hawaoni tatizo, kwa sababu wao wameshawatenganisha wajina vichwani. Anayeanza anafundishwa kwa macho yake mwenyewe jambo ambalo si kweli, kisha anaulizwa maana ya parameta kwenye mtihani na anapata alama zote.

Baada ya hapo kazi ikawa kuitoa ile 220,000 nje. Nilichukua karatasi nikachora boksi kubwa, nikaandika juu yake "nje", ndani yake `deni` na 200000. Kila fanksheni inapoitwa, nikamwambia, Python inafungua karatasi mpya. Parameta zinaandikwa juu ya karatasi hiyo kama nafasi za kujaza kwenye fomu, na agumenti ndizo zinazojazwa. Vigeu vingine vinavyozaliwa ndani vinaandikwa chini yake. Fanksheni ikimaliza, karatasi inakunjwa na kutupwa. Ikiitwa tena, karatasi nyingine mpya, tupu. Ukitaka kitu kitoke kwenye karatasi kabla haijatupwa, kuna mlango mmoja wa halali, nao ni `return`.

```
def ongeza_riba(kiasi):
    riba = kiasi * 10 // 100
    return kiasi + riba

deni_a = ongeza_riba(deni_a)
deni_b = ongeza_riba(deni_b)
```

Hakufika hapo kwa hatua moja. Kwanza aliweka `deni_a = ongeza_riba(deni_a)` huku ndani akiwa bado na `print` badala ya `return`. Skrini ikaonyesha 220000, akapiga makofi, kisha alipochapisha `deni_a` akakuta `None`. Deni limefutika! Mama yake aliyekuwa akipita na sahani akauliza kama anaweza kupata hiyo na yeye. Kuonyesha kwenye skrini na kurudisha ni vitu viwili: `print` inamtangazia mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, `return` inamkabidhi yule aliyeita fanksheni. Fanksheni isiyokabidhi kitu, Python inaihesabu kuwa imekabidhi `None`, na hiyo `None` ndiyo iliyokaa mahali pa laki mbili.

Kisha akafanya kinyume: `return` ipo, lakini akaandika `ongeza_riba(deni_a)` peke yake kwenye mstari. Hesabu ikafanyika, jibu likarudishwa, hakuna aliyelipokea, likapotea. Hili alilikamata mwenyewe.

Swali lake lililofuata lilinifurahisha: "Na hiyo `riba` nikiitaka?" Akaandika `print(riba)` nje, akapata `NameError`, yaani jina hilo halijulikani. Sikumweleza. Alitazama karatasi niliyokwisha kuikunja, akaitikia kwa kichwa.

Agumenti mbili hazikumsumbua sana, ila zilitupa kichekesho kimoja. Kikoba cha shangazi yake kinatoza asilimia nyingine, kwa hiyo akaongeza parameta:

```
def ongeza_riba(kiasi, asilimia):
    riba = kiasi * asilimia // 100
    return kiasi + riba
```

Akaiita kwa haraka `ongeza_riba(10, 200000)` na jibu likawa 20010. Cha ajabu riba yenyewe ilitoka sahihi, 20,000, kwa sababu kuzidisha hakujali nani katangulia. Iliyoharibika ni jumla: 20,000 zimeongezwa kwenye shilingi 10. Python haijui kwamba 10 ni asilimia. Inajaza nafasi kwa mpangilio, wa kwanza kwa wa kwanza. Ukitaja majina, `ongeza_riba(asilimia=10, kiasi=200000)`, mpangilio hauna kazi tena. Mimi kwenye mambo ya fedha hutaja majina hata pale ambapo si lazima.

Tukala. Nikarudi Dar nikidhani kisa kimeisha.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia usiku. "Mjomba, uliniambia kilicho ndani hakitoki nje bila `return`."

"Ndiyo."

"Basi tazama nilichokutumia."

```
def toza_faini(madeni):
    for i in range(len(madeni)):
        madeni[i] = madeni[i] + 2000

madeni = [220000, 165000, 110000]
toza_faini(madeni)
print(madeni)
```

Matokeo: `[222000, 167000, 112000]`, kila nafasi ya orodha imeongezewa 2,000. Hakuna `return`. Hakuna `global`. Na orodha ya nje imebadilika yote.

Hapa kosa lilikuwa langu. Siku ile ya pilau, wakati wa kuchora karatasi, nilimwambia kwamba Python "inanakili" namba kutoka nje na kuiandika kwenye karatasi ya fanksheni. Kwa namba, maelezo hayo yanatoa majibu sahihi kila mara, ndiyo maana ni uongo mtamu. Lugha ya C kweli hunakili namba hivyo. Python hainakili. Python inachofanya ni kuliwekea jina jipya kitu kilekile. Parameta si chombo kinachomiminiwa nakala. Ni jina la pili la kitu kilichoko tayari.

Kwa hiyo ilibidi nirudi kwenye wajina na kuongeza upande wa pili. Kuna watu wawili wenye jina moja, na kuna mtu mmoja mwenye majina mawili. Dada yangu sokoni anaitwa Mama Mchele, nyumbani anaitwa mama, kikobani anaitwa mweka hazina. Ukimnyoa nywele Mama Mchele, mweka hazina naye atakwenda kikaoni kipara. Majina matatu, kichwa kimoja.

Fanksheni inapoitwa, jina la ndani na jina la nje huanza yote mawili yakimwelekea mtu huyohuyo, iwe namba au orodha. Kinachofuata kinategemea unachofanya. Ukiandika `madeni = ...`, jina la ndani umelibandua kwa mtu huyo na kulibandika kwa mwingine; wa nje hana habari. Ukiandika `madeni[i] = ...`, jina halijabanduka popote. Umemfuata yuleyule ukambadilisha mwilini. Namba haina mwili wa kubadilishwa: 200000 itabaki 200000, unachoweza ni kulihamishia jina kwenye namba nyingine. Orodha ina mwili.

Nikamwambia aandike fanksheni ya pili na aziendeshe mbili kwa pamoja:

```
def toza_faini_2(madeni):
    madeni = [d + 2000 for d in madeni]
```

Mstari ule wa ndani unatengeneza orodha mpya, kila deni likiwa limeongezewa 2,000. Hii haibadilishi chochote nje. Parameta ni ileile, agumenti ni ileile, orodha ni ileile. Kilicholeta tofauti ni kilichoko upande wa kushoto wa `=`. Kama bado ana shaka, achapishe `id(madeni)`, namba ya utambulisho wa kitu ambacho jina linakielekea, nje, kisha ndani kabla ya mstari ule, kisha ndani baada yake. Aliniandikia baadaye: mbili za kwanza zilifanana, ya tatu ikawa namba nyingine kabisa.

Utaratibu huu una jina la kitaaluma, kupeleka kwa kushirikiana, na walioupa jina hilo ni Barbara Liskov na wenzake walipokuwa wakiibuni lugha ya CLU kule chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1974. Python ilikuja hadharani mwaka 1991. Wazee wa Fortran, lugha ya zamani zaidi, nao wana kisa chao: huko parameta ilipelekewa anwani ya kumbukumbu, na kwenye baadhi ya kompaila (programu zinazotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta) za zamani ukipeleka 4 kwenye programu ndogo inayobadilisha parameta yake, hiyo 4 yenyewe iliweza kugeuka namba nyingine kwa muda wote uliobaki. Kila anayelia na Python amkumbuke aliyeamka akakuta 4 ni 5.

Lakini nyumbani kwa dada kulikuwa na jambo la haraka zaidi. Binti alikuwa amejaribu programu yake kwenye dirisha moja bila kulifunga, na kila alipojaribu aliiita `toza_faini(madeni)` juu ya orodha ileile. Mara tatu. Mama yake alipokuja na daftari kulinganisha, mwanachama wa kwanza alisomeka 226,000, wa pili 171,000, wa tatu 116,000.

"Huyu wa tatu faini ya nini?" nikamsikia dada kwenye simu. "Huyu amelipa Ijumaa, mimi mwenyewe nimepokea. Na hao wengine elfu sita wametoa wapi?"

Elfu sita nilijua zimetoka wapi. Nilitaka kumweleza binti aanze upya na orodha safi, na pia asiiguse orodha ya nje kabisa. Akaniambia nisubiri. Nikasikia kibodi kwa dakika kadhaa, na dada akisoma madeni ya awali kutoka kwenye daftari, moja moja. Kisha ujumbe ukaingia:

```
def toza_faini(orodha, waliochelewa, faini=2000):
    mapya = list(orodha)
    for i in waliochelewa:
        mapya[i] = mapya[i] + faini
    return mapya

madeni = [220000, 165000, 110000]
baada = toza_faini(madeni, waliochelewa=[0, 1])
print(madeni)
print(baada)
```

Parameta ya kwanza ameiita `orodha`, si `madeni`. Sikuwa nimemwambia. `list(orodha)` inatengeneza orodha nyingine yenye madeni yaleyale, kwa hiyo anachopasua na kushona ni hiyo mpya. Anaweza kuiita mara kumi na ya nje isitikisike. Nikamuuliza kwa nini amechapisha zote mbili.

"Mama anataka aone ya mwanzo na ya sasa, ndiyo aamini."

Dada akachukua simu. Alikuwa amehakiki: 222,000, 167,000, na wa tatu 110,000 zake bila nyongeza. Akasema programu ni nzuri, ila daftari halitoki kabatini, na mwanawe amuulize mjomba kwa nini kwenye kompyuta mwanachama wa kwanza ni namba sifuri.